Mjomba anachukua pesa za ndugu yangu, na ni mimi ninayemwinua

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 29, natoka Pwani. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 22 aliyezaliwa na utindio wa ubongo. Hatembei, mkono wake wa kushoto umekaza, na kula ni mpaka alishwe. Anaongea kwa shida na maneno yake tunayafahamu sisi wa nyumbani tu, lakini akili yake iko sawa. Taarifa ya habari ikipita redioni, kesho yake anakukumbusha nani alisema nini.

Mama yetu mzazi ndiye aliyemlea. Alikuwa ameandikishwa kama mlezi wake katika Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza kwa pesa, wakipata zile shilingi elfu mbili za mwezi, ingawa mara nyingi zilichelewa zikaja za miezi kadhaa kwa mpigo. Mama alifariki mwaka jana. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi jikoni kwenye hoteli, nikilala huko huko mjini. Baada ya matanga, mjomba wetu, kaka yake Mama, alienda kwa chifu akaandikishwa kuwa mlezi kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Sikupinga. Nilimshukuru.

Baada ya muda nikapigiwa simu kwamba ndugu yangu ana vidonda mgongoni kwa kulazwa upande mmoja. Niliacha kazi nikarudi nyumbani. Tangu hapo kumwinua ni mimi, kumwogesha ni mimi, kumbadilisha, kumlisha, kumgeuza usiku, yote ni mimi. Mgongo umeanza kuniuma hata nikikaa. Pesa bado anachukua mjomba. Mwezi mmoja ananipa mia tano, mwezi mwingine ananiambia hazijaingia, nami nasikia kwa majirani kuwa wenzetu wamepokea. Pakiti moja tu ya pampas za watu wazima inapita elfu moja.

Nilimwendea chifu, akasema tumalizane nyumbani. Nikaenda ofisi ya huduma za jamii, kijana mmoja akaniambia mfumo unaonyesha mlezi yupo, nirudi kwa chifu. Wazee wanasema mjomba hashtakiwi, nitaleta laana. Rafiki yangu ananishauri nimtafutie ndugu yangu makao ya kulelea watu wenye ulemavu nirudi kazini. Hoteli wako tayari kunichukua, ila ni zamu ya usiku. Kanisani wananiambia Mungu atanilipa.

Je, Mama, nina tamaa? Kuna sheria yoyote inayomtambua mtu kama mimi? Na mjomba nimfanyeje?

Dada mlezi, Pwani

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama, na pole kwa mzigo uliokuangukia kabla hata hujamaliza kumlilia.

Huna tamaa. Nakuambia hili kwanza kwa sababu naona limekusumbua kuliko hayo mengine. Mtu anayeamka usiku kumgeuza mwenzake ili asipate vidonda anafanya kazi, na kazi hiyo inakula sabuni, inakula pampas, na sasa inakula mgongo wako. Hao wa kanisani dua yao ni njema. Waambie basi mmoja wao aje Jumamosi mchana akae na ndugu yako ulale kwa muda wa saa tatu. Usione haya kuomba.

Katika barua yako kuna mtu mmoja ambaye sikumsikia. Umenieleza anachosema mjomba, chifu, kijana wa ofisini, wazee, rafiki yako na watu wa kanisani. Ndugu yako, mtu mzima wa miaka 22 ambaye wewe mwenyewe unasema akili yake iko sawa, hajasema neno. Sikulaumu hata kidogo. Ndivyo tulivyozoea kufanya: mtu akishindwa kusimama, tunamwamulia yeye akiwa pale pale anasikia. Mjomba alipoenda kujiandikisha, kuna aliyemwuliza ndugu yako anataka kulelewa na nani? Anza na hilo leo. Kaa naye, mweleze yote, pesa, mjomba, kazi ya hoteli, hata hilo la makao, halafu msubiri amalize kuongea hata ikichukua jioni nzima.

Ninasisitiza hivi kwa sababu hizo pesa ni zake. Mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkali, ulio chini ya Inua Jamii, unamtambua yeye kuwa mnufaika. Mlezi huandikishwa ili ampokelee na amtumikie kwa zile pesa. Hazirithiwi kwa ukubwa katika ukoo, wala hazigeuki kuwa za mjomba kwa kuwa jina lake liko kwenye mfumo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawapa msaada unaofaa wale wasioweza kujitegemea pamoja na wanaowategemea. Ukielewa kuwa ni haki ya ndugu yako, utaona kwamba hugombei mali ya mjomba. Unambebea mdogo wako madai yake.

Sasa mjomba mwenyewe. Wazee wana hoja yao: kwetu mjomba ni mtu mzito, na ukienda ofisini kabla hujakaa naye utapoteza hata wale ambao wangekuunga mkono. Kwa hiyo mtangulize mtu, shangazi au mzee anayemheshimu, mkutane nyumbani, na ndugu yako awepo pale katikati, asifichwe chumbani. Usimwite mwizi. Mshukuru kwa kusimama wakati wewe hukuwepo, kisha mweleze kazi ya kila siku sasa inafanywa na nani, na umwonyeshe daftari. Ndiyo, anza daftari: pampas, sabuni, dawa, nauli, pesa alizokupa na tarehe. Daftari halina kelele, na ni vigumu kuligombeza.

Akikuambia yeye ndiye mkubwa na lazima abaki mlezi, mwambie vyema, Mjomba, basi tugawane ulezi. Achukue usiku wa Jumatatu na Alhamisi, amgeuze kila baada ya saa mbili, na safari za hospitali awe anambeba yeye. Huenda akakubali, nawe ukapata usiku mbili za usingizi, na hilo lina thamani kuliko hizo mia tano. Akikataa, wazee watakuwa wamesikia. Ila usikubali suluhisho la kugawana pesa nusu kwa nusu eti kwa ajili ya amani. Wewe na mjomba hamna nusu pale. Zote ni za ndugu yako.

Mkishindwana, nenda ofisini, na safari hii usiende kuongea tu. Huyo kijana alikuambia mfumo unaonyesha mlezi yupo. Ni kweli yupo, na wewe ulikuwa umekwenda kuomba abadilishwe. Kubadilisha mlezi ni jambo la kawaida katika mpango huu, kwa sababu walezi hufa, huhama na huugua. Mtafute afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo yako mwenyewe. Beba kitambulisho chako, cheti cha kifo cha mama, kitambulisho cha ndugu yako pamoja na kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kama anayo. Ikiwa hana kitambulisho cha kitaifa katika umri huo, hiyo iwe kazi yako ya kwanza, maana bila hicho kila mlango utakuwa mgumu. Pitia pia kwa wanakamati wa wanufaika wa eneo lenu. Ni watu wa kijiji, wanajua nani anamlea nani pale nyumbani.

Andika barua, ukurasa mmoja unatosha, na iandikwe kwa sauti ya ndugu yako: “Mimi fulani, nambari ya kitambulisho fulani, ni mnufaika wa mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkali. Mama yangu aliyekuwa mlezi wangu alifariki. Anayenilea sasa mchana na usiku ni dada yangu fulani. Naomba aandikishwe yeye kuwa mlezi wangu.” Msomee, akubali, aweke dole gumba mbele ya watu wawili wasio wa nyumba yenu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi wa ofisi unapoumiza haki yake. Hilo neno tu, “naomba sababu kwa maandishi”, limefungua faili nyingi zilizokuwa zimelaliwa. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, hupokea malalamishi bila malipo. Unaweza pia kuuliza kwa maandishi ni malipo gani yametolewa kwa jina la ndugu yako na lini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka ofisi za umma zijibu ndani ya siku 21. Ukiwa na majibu hayo, mabishano ya zimeingia au hazijaingia yatakwisha.

Kuna watu watakaokushauri uende mahakamani ufanywe msimamizi wa kisheria wa ndugu yako ili jambo liishe. Usikimbilie huko. Amri kama hiyo inaweza kumnyang’anya sauti katika kila kitu, wakati anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kusema anachotaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika Kifungu cha 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria, na kwamba asaidiwe kufanya maamuzi yake.

Uliuliza kama kuna sheria inayomtambua mtu kama wewe, na hapa inanibidi nikueleze ukweli mchungu. Kenya haina posho ya mlezi. Ili ndugu yako aingie kwenye mpango huu ilibidi ithibitishwe kwamba anahitaji mtu wa kumhudumia wakati wote. Yaani Serikali inajua upo. Bila wewe hata huo mpango haueleweki. Halafu inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kile kile tulichokizoea kwa zaidi ya miaka kumi huku unga na nauli vikipanda. Gawanya kwa siku 30, halafu kwa saa 24: haifiki shilingi tatu kwa saa, na humo mnatakiwa mpate chakula, pampas na dawa. Kazi yako imewekwa kwenye hesabu kama sufuri. Linaniumiza jambo hili, kwa sababu naona mabinti wengi kama wewe, na karibu wote ni mabinti na akina mama. Hata utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha wanawake wanawaacha wanaume mbali sana kwa saa za ulezi usiolipwa.

Inawezekana kufanya vingine. Afrika Kusini, mtu anayepokea ruzuku ya ulemavu na anahitaji kuhudumiwa muda wote na mtu mwingine huongezewa ruzuku ya ziada kwa ajili hiyo. Kiasi chake si kikubwa, ila Serikali imekiri kwamba yule mtu mwingine yupo na anakula.

Kwetu msaada wa kodi ndio uliotangulia. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupata cheti husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Ni jambo jema kwa mwalimu asiyeona au karani wa kiti cha magurudumu, na wengi wamesomesha watoto kwa nafuu hiyo. Ndugu yako hana mshahara wa kusamehewa. Mwezi Mei 2025 ilitiwa saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, kutokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Sheria hii imezitaja pia serikali za kaunti na wajibu wao. Nakuambia hili kwa sababu kaunti iko karibu nawe kuliko Nairobi, na hospitali za kaunti, zahanati, na wataalamu wa mazoezi ya viungo wako chini yake kwa mujibu wa Katiba.

Kwa hiyo usibaki peke yako na hili. Ulizia katika vijiji vya jirani, utakuta kina mama wengine wenye watoto wa aina hii, wengine wamefichwa ndani. Mkifika kumi mnaweza kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kikundi kina faida mbili. Ya kwanza ni Hazina ya Taifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo husaidia vikundi kwa miradi ya kujikimu, na mtu mmoja mmoja aliyesajiliwa anaweza kuiomba vifaa kama kiti cha magurudumu. Ndugu yako aombe kiti kinachomfaa mwili wake. Kiti cha kawaida cha hospitali kitamkunja mgongo.

Ya pili ni bajeti ya kaunti, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo huitishwa vikao vya maoni ya wananchi. Wanaofika ni wale wale, wanaume wanaozungumzia barabara. Mlezi hafiki kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa, ndiyo maana ulezi hauonekani kwenye bajeti. Nendeni hata watatu, na mkiweza mwende na ndugu yako. Msiseme “tunaomba walemavu wakumbukwe”. Ombi kama hilo huitikiwa kwa makofi na kusahaulika jioni. Ombeni kitu chenye jina: mtaalamu wa mazoezi ya viungo afike katika zahanati yetu siku mbili kila mwezi. Pampas za watu wazima ziwekwe kwenye oda ya vifaa vya zahanati. Kuwe na chumba kimoja na wahudumu wawili ambapo mlezi anaweza kumwacha mtu wake mchana akaenda shambani au kliniki. Peleka kwa maandishi, na mwakilishi wa wadi apate nakala.

Bima ya afya nayo uiangalie. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kujisajili kwenyewe hakulipishwi, na ukishasajiliwa matibabu ya ngazi ya chini, zahanati na kituo cha afya, ni bila malipo. Kwa hospitali kubwa, asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hiyo ni karibu pesa za ndugu yako za miezi miwili. Nasema wazi kwamba si haki kuwadai nyumba kama yenu kwa mtindo huo, na hilo pia mkaliseme kikaoni.

Kuhusu mwili wako: usimwinue tena kwa kumshika kwapani peke yako. Mwende hospitali ya kaunti mkamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akufundishe kumhamisha kwa shuka na ubao, na akuangalie mgongo wako pia. Vidonda vyake vikianza kuwa vyeusi au kutoa harufu, usisubiri asubuhi.

Makao aliyokutajia rafiki yako, mimi siyaungi mkono, isipokuwa ndugu yako mwenyewe ayatake. Ana haki ya kuishi nyumbani kwao na kati ya watu wake. Nimeona pia watu wakipelekwa kwenye makao kama hayo kwa wiki mbili wakasahauliwa miaka. Rafiki yako hakukosea alipoona umechoka. Kosa ni kudhani kwamba nafuu yako lazima ipatikane kwa kumwondoa yeye.

Na kazi ya hoteli, usiikatae bado. Waombe wakusubiri kidogo, na uulize kama kuna zamu ya asubuhi hata kwa siku chache za wiki. Mjomba akishika usiku zake mbili, kanisa likatoa mtu wa mchana, na jina la mlezi likabadilishwa, utaona ni siku ngapi zinabaki mikononi mwako. Ndugu yako naye atakuwa amekuambia anaonaje wewe kurudi kazini. Niandikie tena mkishakaa na mjomba, unieleze walisema nini, na uanze na alichosema yeye.